Mashine Isiyoonja Ngano

Tangu mjukuu aachishwe ziwa, uji wake aliupika Bibi. Aliupepeta ulezi mwenyewe, akaupeleka mwenyewe kusaga, na sufuria ile hakuna aliyethubutu kuigusa. Mke wa mwanawe, msusi aliyeshinda saluni mchana kutwa, alimshukuru Mungu kwa kumpa mama mkwe wa namna hiyo.

Kisha mtoto akaanza kudhoofika. Tumbo likamtuna, miguu ikawa vijiti. Daktari akagundua kwamba ngano ndiyo inayomdhuru, akakataza mikate na biskuti. Wakaacha, lakini mtoto akazidi kuisha. Bibi naye akazidisha uji. Mtoto alipogeuza uso, alimbembeleza. Alipolia, alimshika kidevu.

"Kunywa, kipenzi changu. Hii ndiyo dawa yako."

Waliporudi hospitali, daktari aliuliza, "Unga mnasagisha wapi?"

"Mashineni, pale mtaani kwetu," Bibi alijibu.

"Na ngano husagwa hapohapo?"

Bibi aliukumbuka unga mweupe uliokuwa ukibaki mdomoni mwa mashine ile.

Nyumbani hakuna aliyemlaumu. Mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, alisema tu, "Mama, tutanunua mashine yetu."

Dukani fundi aliipenda ya umeme. Bibi akaomba ifunguliwe aone ndani.

"Hiyo haifunguki yote, mama," muuzaji alitania. "Labda umwite daktari wa upasuaji."

Bibi hakucheka. Aliisogelea ndogo ya mkono, ya kufungwa ukingoni mwa meza, ambayo meno yake hutolewa yote yakaoshwa. Akapitisha kidole ndani. Kikatoka cheupe.

"Nini hiki?"

"Ngano. Tunawaonyesha wateja inavyosaga."

Bibi akaurudisha mkono kama aliyeungua. "Nipe kama hii, ambayo haijatoka kwenye boksi."

Tangu hapo kila alasiri alizungusha mpini mpaka bega likawaka moto. Mtoto akanenepa, mashavu yakarudi, vicheko vikajaa nyumba. Ila akimwona Bibi na kikombe, alibana midomo, machozi yakimlenga.

"Uji wa Bibi unauma."

Ikabidi mama yake aupike na kumnywesha kabla ya kwenda saluni. Bibi alikuwa akitoka kwenda uani, mtoto anywe kwa raha.

"Mama, leo jaribu wewe," msusi alimsihi siku moja.

"Mwache, mwanangu. Mwache anywe kwako."

Fundi alipoona mama yake hawezi tena hata kuinua mkono kufunga kitambaa kichwani, alisema, "Sasa nakuletea ya umeme, nitaiosha mwenyewe. Pumzika."

"Hii nayo mkininyang'anya," Bibi aliuliza, "nitamfanyia nini tena?"

Msusi akachemsha maji, akachovya taulo, akaketi nyuma ya mama mkwe wake na kumkanda bega. Mabega yote mawili yalikuwa yakitetemeka. Akaendelea kukanda, bila kumwambia anyamaze.