Mchanga Uliofagiwa

Nankali Muronga alipofika kwenye njia ya tembo asubuhi ile, alisonya kwa sauti. Mchanga ulikuwa umelainishwa kama kitanda cha mgeni. Gari la kampuni ya mafuta lilikuwa limekokota matairi makuukuu njia nzima, likafuta kila wayo.

Miaka kumi na miwili alikuwa askari wa wanyamapori hapo Kavango, na leo mkaguzi, Bwana Shaanika, alikuwa ametoka mji mkuu, Windhoek, kuamua kama tembo wanapita pale. Wasipopita, kampuni ingechimba kisima cha mafuta papo hapo. Fomu ilitaka sahihi mbili: ya mkaguzi na ya Nankali.

"Sioni wayo hata mmoja," alisema mkaguzi.

"Utaonaje, baba, na wamefagia? Tazama ule mti, tope la migongo yao liko juu kuliko kichwa chako!"

"La zamani hilo," alidakia Kudumo, dereva wa kampuni, mume wa dada yake Nankali. "Shemeji, tia sahihi tukanywe chai. Mwezi ujao wanaajiri walinzi, nitakutaja."

"Nitaje kwa mkeo kwanza, umwambie kazi unayofanya na matairi!"

Mkaguzi akaandika: *Hakuna tembo*. Akatia sahihi yake.

Nankali aliinyakua fomu, akaelekea shambani kwake, nao ikawabidi wamfuate mbio mbio.

Uwele uliobakiza wiki moja kuvunwa ulikuwa umelala chini wote. Uzio umevunjwa. Nyayo zilikuwa kila mahali, pana kama ungo, mbichi za alfajiri hiyo. Kwa mbali mtambo wa kampuni wa kuchimba visima vya majaribio ulikuwa ukinguruma, na ardhi ikitikisika chini ya miguu yao.

"Miaka yote hiyo hawakunigusia hata suke," alisema Nankali. "Walikuwa na njia yao. Mmewatimua kwa makelele yenu, sasa wamepita kwangu. Watoto wangu watakula nini mwaka huu, Kudumo? Matairi?"



Mkaguzi alikohoa. "Pole sana, mama. Lakini shamba hili halimo kwenye ramani ya ukaguzi. Fomu inahusu njia ile tu."

"Ahaa! Halimo?"

"Halimo. Tia sahihi tu hapo chini."

Nankali alinyoosha mkono, akapewa kalamu na Kudumo. Alichuchumaa katikati ya mabua, akazihesabu nyayo, akaweka fomu gotini. Hakuandika jina lake. Penye nafasi ya sahihi aliandika kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka: TEMBO KUMI NA WANANE. SHAMBANI KWANGU. LEO ALFAJIRI.

Mkaguzi aliichukua fomu, akasoma. Kudumo alichungulia begani kwake.

"Haya, shemeji," alisema Nankali, akimrudishia kalamu. "Kalete matairi yako, ufagie na maneno haya."