Mdomo wa Barnabé Unachelewa

Barnabé alikuwa anasema kwenye kioo cha kompyuta, lakini mdomo wake ulikuwa nyuma ya maneno yake. Sauti ilitangulia mpaka kwenye neno "nyumba", uso ukabaki umeganda, jicho moja limefumba nusu. Halafu uso ukaruka, kichwa kikajikuta upande wa pili bila kupita katikati.

Bernardine, mjane wake, alikuwa ameketi karibu na mashini hiyo, mkono juu ya meza. Alitoka Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alfajiri, flash imefungwa kwenye pindo la kitenge, akaja nayo mpaka Mbarara. Kesho mchana matanga ya Barnabé yanaondolewa mbele ya ukoo wote.

"Watamuona hivi?" aliuliza.

"Hapana, Mama Alida. Hapa tunaangalia tu. Filamu ikitoka inaweza kuwa nzuri," alisema Pacifique, fundi wa video.

"Inaweza."

Pacifique aliirudisha video mwanzo. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mtu mwenye shingo nene na maneno machache, na kabla ya kuhamia mjini alikuwa na kibanda chake cha video hapo hapo Misiera. Ndiyo maana Bernardine alimfuata. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Barnabé alikuwa mgonjwa aliposema, akawa anapumzika, kwa hiyo video ilikuwa vipande vitatu vya kuunganishwa, na mvua ya juu ya mabati ilikuwa imemfunika sauti. Lakini mtu hawezi kukata na kuunganisha kitu ambacho hakioni sawasawa.

Na Ulrich alikuwa anangoja. Ulrich, mdogo wake Barnabé, alikuwa ameshazunguka nyumba kwa nyumba akisema nyumba na shamba ni vya ukoo, mjane arudi kwa kaka zake kwenye kambi ya Oruchinga. Kuhusu video, alisema haipo, na kama ipo basi imepikwa. Bernardine hakuwa na shahidi mwingine. Binti yao Alida ndiye aliyerekodi, kabla hajasafirishwa ng'ambo, akamwambia mama yake kwamba Papa amemwachia nyumba. Bernardine mwenyewe hakuwahi kuitazama. Moyo ulikataa. Sasa anaitazama kwa mara ya kwanza, na mume wake anaonekana kama mtu aliyetiwa maneno mdomoni na wengine.

Pacifique alifunga muziki na kila kilichokuwa kimefunguliwa. Barnabé akaruka. Fundi akapunguza ubora wa picha, uso ukawa kama unatazamwa kupitia moshi, na bado ukaruka. Akazima mashini, akaiwasha. Betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi, ilikula umeme wa ukutani tu, na taa ya dukani ilikuwa imeanza kupepesa. Bernardine aliitazama taa, akatazama barabarani kuona jua limefika wapi.

Simu yake ikalia. Ulrich alitaka kujua shemeji yake yuko wapi, kwa sababu amesikia yuko Mbarara, kwa wapishi. Aliuliza wanatia chumvi kiasi gani. Bernardine alimwambia ale kwanza alichonacho nyumbani, akakata.

Pacifique alikuwa ameacha kipanya cha kompyuta. Alikuwa anakitazama kile kiflash kilichotokeza ubavuni mwa mashini, na kidole cha Bernardine juu yake.

"Mama, ni hiki," alisema polepole. "Mashini inavuta picha kutoka humu, na mulango ni mudogo. Simu ya Alida ilikuwa mupya, imechukua picha nzito sana. Zile za zamani zilikuwa nyepesi, zilipita. Hii haipiti. Niikopi ndani ya mashini, itatembea."

Bernardine hakuondoa kidole.

Kila mtu wa Misiera angefanya hivyo. Miaka ya nyuma, machozi ya mama mmoja kwenye mazishi yalibaki ndani ya kompyuta ya fundi, na baada ya wiki yalikuwa kwenye simu za watu wasiomjua, wanacheka. Tangu hapo mwenye video huja na flash yake, hukaa nayo bega kwa bega na fundi, na huondoka nayo. Hakuna kinachoingia kwenye mashini. Pacifique mwenyewe alikuwa ameishika sheria hiyo kwa watu wa kambini, hata hapa mjini, mpaka akasahau kwamba ni sheria ya watu, si ya kompyuta.

"Ulrich akija hapa na pesa, utampa?"

"Hapana."

"Nitajuaje?"

"Hautajua, Mama. Na gari la Nakivale haliwezi kukungoja."

Taa ikapepesa tena. Bernardine aliutazama uso ulioganda, lile jicho lililofumba nusu. Akaondoa kidole.

Kimstari cha kukopi kilianza kujaa kwenye kioo, taratibu. Kilipofika mwisho Pacifique akaifungua video upya.

Barnabé akasema. Mdomo na neno vilikwenda pamoja. Alikohoa, akafuta midomo, akasema nyumba na shamba la juu ni vya Bernardine, asiguswe na mtu. Bernardine alifunika uso kwa kitenge. Halafu ikaja sehemu ambayo mwanzoni ilikuwa inaruka.

"Lile la chini, karibu na maji, Ulrich amelilima wakati mimi nimelala hapa. Musimutoe."

Bernardine alishusha kitenge. Kwake lile la chini Ulrich alikuwa amelinyakua, na alikuwa amesema hivyo kwa majirani wote, hata kwa padri.

Pacifique alisimamisha picha. Akauliza, bila kumtazama, kama aanzie kukata hapo.

Bernardine aliitazama taa ikipepesa mara nyingine. Ilikuwa rahisi. Flash ilikuwa yake, na Alida yuko mbali. Lakini asubuhi nzima alikuwa amefundishwa kuruka kunafananaje, kichwa kuwa huku na mara kuwa kule, na Ulrich angekuwa amekaa mbele kabisa, akitafuta hicho hicho.

"Acha yote yabaki," alisema. "Ulrich akitaka shamba la chini, atasema mbele ya watu kwamba huyu ni kaka yake na haya ni maneno yake. Basi amekubali na la juu."

Pacifique akacheka kidogo, cheko la kwanza siku hiyo, akaunganisha vipande, akairudisha video nzima kwenye flash. Halafu, ili kuitunza ile sheria, akapeleka mkono kufuta kilichobaki ndani ya mashini, na kumgeuzia kioo aone.

Bernardine akamshika kifundo cha mkono.

"Hiyo iache. Ulrich akisema nimekata, aje kuuliza kwako, umuonyeshe."

Akafunga flash kwenye pindo, akatoka mbio kulikamata gari.