Ramani Iliyovutika

Mvua ilikuwa imenyesha milimani wiki nzima, na mchana ule Mto Kilombero ulianza kumwagikia mashambani. Katika ofisi ya kamati ya maafa, Ifakara, Salha aliunganisha laptop yake na televisheni kubwa ya ukutani. Programu yake, aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rust, ilipokea vipimo vya maji kutoka bondeni na kuvionyesha kwenye ramani. Ukiweka mshale juu ya njia, inakuambia kina cha maji hapo.

"Likuze hilo dirisha, mwanangu, huku nyuma hatuoni," alisema mwenyekiti, Mama Bernadetha.

Salha akalivuta mpaka likajaa televisheni. Ramani ikatanuka nalo.

Masalu, mfugaji wa upande wa Idete, alikuwa na simu sikioni. Mdogo wake, Yoramu, alikuwa mbugani na familia zao zote mbili, maji yakiwazunguka. Masalu akashika kipanya, akapeleka mshale kwenye njia ya chini. Maandishi yakatokea: kavu.

"Piteni njia ya chini! Haraka!" Akakata simu.

Salha alikuwa bado anaitazama ramani. Herufi zilikuwa zimenenepa na kufifia kingo. Akausogeza mshale hadi katikati ya mto. Kavu. 

Uso wa kuchorea, pale programu inapoliandalia dirisha picha yake, ulikuwa umebaki na ukubwa wa zamani. Dirisha limekua, picha imevutwa tu ili ienee, na mshale unasoma mahali pengine kabisa.

"Kaka Masalu, warudishe! Kipimo kile si cha njia ile!"

Masalu akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena. Salha akaifunga programu, akaifungua upya katika dirisha dogo. Njia ya chini: maji ya shingo. Njia ya tutani, ile ya juu: kavu.

"Yoramu! Unanisikia? Geukeni, pandeni tutani!"

Simu ilijaa mlio wa ng'ombe na kilio cha mtoto. "Maji yako kiunoni, kaka," Yoramu alihema. "Tunageuka." Ikakatika.

Hakuna aliyeketi. Simu ilipoita tena, Masalu alisikiliza, kisha akaegemea ukuta. "Watu wametoka wote," alisema. "Ndama wamekwenda na maji."

Salha hakungoja kulaumiwa. Aliandika kwamba kila dirisha libadilikapo ukubwa, uso uandaliwe upya kwa ukubwa huo kabla ya kuchorwa chochote, na mshale usome kwa ukubwa huo huo. Rust ikamkatalia, ikionyesha kosa katika maandishi yake. Akarekebisha, ikakubali.

"Livute tena," Masalu alisema nyuma yake.

Akalivuta. Herufi zikabaki safi. Masalu akapeleka mshale mtoni, kisha njiani, kisha mtoni tena. Simu yake ikaita. Walikuwa watu wa kijiji kingine, wakiuliza njia. Akamkabidhi Salha.

"Jibu wewe," alisema. "Lakini soma mara mbili."