Alama Arobaini na Moja

Kubonyeza simu mara moja tu, na Corinne Tolliver akawa si mchezaji tena.

Hakujua papo hapo. Aliona alama zake za mtihani wa kemia, arobaini na moja kwa mia, akaliacha somo papo hapo kwenye simu kabla halijamharibia wastani. Akajiona mjanja kweli. Maskini, alisahau kuwa vyuoni kwetu mwanamichezo asiyetimiza saa kumi na mbili za masomo kwa wiki hagusi mpira.

Asubuhi Bi. Pruitt, msimamizi wa masomo wa wanamichezo, alimfuata mazoezini.

"Toka uwanjani, mwanangu. Umeacha kemia bila kuniuliza, umebaki na saa tisa. Jumamosi huchezi, na ufadhili wako uko mashakani."

"Nitaongeza somo lolote! Hata la kufuma sweta!"

"Muda wa kuongeza uliisha zamani."

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya mechi ya ubingwa. Bibi yake, aliyemlea, alikuwa tayari ndani ya basi kutoka Memphis. Alikuwa hajawahi kumwona mjukuu wake akicheza.

Corinne alitimua mbio hadi ofisini kwa Profesa Halvorsen wa kemia, jezi imemganda mwilini kwa jasho. Alilia bila haya.

"Nirudishe darasani, Profesa. Najua nimefeli, lakini nirudishe."

Mzee alivua miwani. "Nani kakwambia umefeli?"

"Nimepata arobaini na moja!"

"Aliyeongoza kapata hamsini na tano. Mtihani wangu ni mgumu kila mwaka, kisha nawapandishia alama wote. Yako ingekuwa B. Wenzako hawakukwambia?"

Wenzake gani? Darasani aliingia mbio akitoka mazoezini, akatoka mbio kurudi mazoezini. Jina la aliyekaa kando yake hakulijua.

"Basi nirudishe," alinong'ona.

"Ningekuwa na uwezo huo, ungekuwa umesharudi. Sina."

Simu ikalia. Alikuwa bibi, sauti imejaa furaha.

"Wewe mtoto, dereva kanigombeza kwa kushangilia humu ndani! Nimevaa jezi yenye jina letu. Hebu niambie, nikae wapi nikuone vizuri?"

Corinne alifuta uso kwa kiganja. Profesa aligeukia dirishani.

"Kaa nyuma ya benchi letu, Bibi," alisema Corinne. "Utaniona karibu kabisa."