Kitambaa cha Mama na Joto la Handeni

Dunstan alikuwa na kompyuta tano zilizotawanyika huku na huko, na zote alizichunga akiwa ameketi kwenye banda lake la ufundi karibu na stendi ya Korogwe. Moja ilikuwa nyumbani kwake Kilole, mbili kwa walimu wa pale mjini, moja kwa Valerian mwenye mgahawa kule Mombo, na ya tano kwa wazazi wake Handeni. Zote zilikuwa mitumba, zile zilizomiminika nchini baada ya milango ya biashara kufunguliwa, naye alizifufua kwa vipuri vya kompyuta nyingine zilizokufa.

Kazi yao ilikuwa ya kujitolea. Kwa modemu ya simu zilipokea vipande vya hesabu kutoka kwa wanasayansi wa ng'ambo waliokuwa wakitafuta dawa mpya ya malaria, zikakokotoa wakati wenye nyumba hawazitumii, kisha zikarudisha majibu. Hakuna aliyelipwa hata senti. Watu wa stendi walisema Dunstan karogwa, anateketeza umeme wa watu kwa ajili ya Wazungu asiowajua. Tiampati tu, fundi mwenzake, aliyekulia kwenye boma la ng'ombe, ndiye aliyeelewa bila kuelezwa mara mbili. Kwao mtu kuwa na mifugo iliyolala kwa rafiki zake si jambo la ajabu, na mwenye mifugo lazima ajue inaendeleaje.

Dunstan alijua. Kwenye skrini yake kila mashine ilikuwa na mstari wake: inafanya kazi au imesimama, na ina joto nyuzi ngapi. Mstari wa Handeni ndio uliokuwa ukimchekesha. Kila asubuhi joto lilipanda na kila mchana likashuka, na sababu aliijua vizuri. Mama yake akishamaliza kufagia, aliifunika kompyuta kwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, kama alivyofunika redio, televisheni na jagi la maji, maana kwake kitu cha thamani hakiachwi uchi sebuleni. Baba yake, Mzee Fransisko, akirudi shambani alikiondoa. Dunstan alikuwa amemweleza kwamba mashine inapumua, na ikifunikwa inapandwa na homa. Wazee wale walibishana juu ya kitambaa kile kila siku ya Mungu, na ubishi wao ukafika Korogwe kwa nyuzi za joto.

Mzee Fransisko hakuwa mtu wa mitambo. Alikata mkonge mpaka shamba la mkonge likabinafsishwa na yeye akapunguzwa kazi, akabaki kulima kijishamba chake. Lakini alikuwa amemzika Richard, mdogo wake Dunstan, aliyechukuliwa na malaria akiwa darasa la pili. Aliposikia kwamba mashine inatafuta dawa ya ugonjwa uleule, aliishika kazi ile kama ya kwake. Aliagiza nyumba nzima kwamba isizimwe, na haikuzimwa.

Siku ile joto la Handeni lilipanda kama kawaida. Mchana ukapita, halikushuka. Dunstan alitabasamu kwanza, akadhani leo mama kashinda ubishi. Baadaye kidogo tabasamu likamkauka. Jana yake mzee alilalamika kifua kinambana, naye akamjibu kivivu kwamba apumzike.

Alipiga simu ya baba. Iliita mpaka ikakata. Ya mama ilikuwa imezimwa. Dada yake Angel alipokea, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na watu wengi na viti vinavyoburutwa. Alisema baba kapatwa na presha kidogo. Dunstan akaomba kuongea naye.

"Amepumzika," Angel alisema. "We njoo tu, kaka. Njoo, tutaongea."

Maneno yale Dunstan aliyajua. Hakuna anayempa mtu habari ya msiba ilhali bado ana safari ya basi mbele yake. Anaambiwa mgonjwa yupo, aje tu. Yeye mwenyewe ndivyo alivyomwita Valerian siku mama yake Valerian alipofariki, tena kwa sauti ya upole ileile. Na alijua sebule ya msiba inavyokuwa: makochi yanatolewa nje, mikeka inatandikwa, televisheni na vitu vya anasa vinafunikwa. Lakini hata kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kweli, nani angekumbuka kitambaa? Akaing'ang'ania fikra hiyo.

Tiampati alikuwa ameinamia skrini. "Huyu wa Handeni ana homa kali," alisema. "Nimsimamishe?"

Kubofya mara moja tu kungeisimamisha kazi, na mashine ingepoa. Dunstan akamshika mkono.

"Usiguse. Ukiisimamisha itapoa yenyewe, na mimi sitajua kama baba kaifunua."

"Na ikiungua?"

"Iungue."

Neno lilipomtoka aliona aibu, maana sebule ile ilijaa watu. Wakakubaliana kwamba ikifika nyuzi tisini na tano, Tiampati aisimamishe bila kuuliza. Kisha Dunstan akakimbilia basi.

Barabara ilikuwa vumbi tupu. Alikaa dirishani na simu mkononi, na kila palipokuwa na mtandao Tiampati alimsomea. Themanini na nne. Themanini na nane. Dunstan alikuwa akiwapitia watu wa nyumbani kwao mmoja mmoja, akitafuta mkono mwingine unaoweza kuondoa kitambaa kile. Angel hakuwahi kuigusa mashine, aliiogopa. Mama? Mama angeifunika hata ikitoa moshi. Alibaki baba peke yake. Joto likishuka, baba yu hai. Ndivyo alivyojipangia, na akamwomba Mungu apange hivyohivyo.

Tisini na mbili. Tisini na tatu. Mtandao ukakatika. Dunstan aliitazama simu mpaka macho yakamuuma, na ilipolia nusura aiangushe.

"Inashuka," Tiampati alisema.

"Umeisimamisha?"

"Sijaigusa. Inapiga kazi, na inashuka. Themanini na moja. Sabini na sita sasa."

Dunstan alicheka huku machozi yakimtoka, na mama mmoja aliyekaa naye kiti kimoja akajisogeza pembeni. Baba kaamka. Kaamka, kaikuta imefunikwa, na bila shaka kagomba. Basi liliposimama, alinunua mfuko wa machungwa dirishani, kwa sababu mzee hakuwa na kitu alichokipenda kama chungwa baada ya kazi. Njia iliyobaki aliuweka mapajani, akiutengeneza vizuri kila basi lilipoyumba.

Aliliona turubai kabla hajafika uani. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na baba yake mdogo, Mdoe, akainuka kumpokea. Alimtoa machungwa mkononi taratibu, akamwambia, "Pole, mwanangu. Ametuacha leo asubuhi."

Dunstan hakulia. Alikuwa na hasira, kama mtu aliyedanganywa na kitu alichokiamini. Aliwapita, akaingia ndani.

Sebule haikuwa na kochi hata moja. Televisheni ilikuwa imefunikwa shuka jeupe. Pembeni yake kompyuta ilikuwa wazi, feni yake ikivuma, na mama yake alikuwa ameketi mkekani mbele yake, kitambaa cha kufuma kikiwa kimekunjwa mapajani.

"Nani kaifunua?" Dunstan aliuliza. Hata salamu ilimpotea.

"Mimi," mama alisema. "Walikuja na shuka wakafunika vyote, juu ya kitambaa changu, wakati nalia chumbani. Nilipotoka nikaiona inaunguruma kwa shida. Nikawaambia waiache wazi, Fransisko hataki ifunikwe."

Alikipangusa kitambaa kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Siku zote nilikuwa naifunika kwa sababu najua atakuja kuifunua," alisema. "Sasa nikiifunika, nani ataifunua?"

Dunstan akakaa mkekani, akalaza kichwa mapajani pa mama yake, juu ya kile kitambaa, na hapo ndipo alipolia.