Wa Mbele Hapitwi

Binti yangu aliponiweka mbele ya msafara, nilidhani ni heshima. Nikapandisha suruali, nikatoa kifua kama jogoo. Kumbe utaratibu wao ni kwamba anayekwenda polepole kuliko wote ndiye anayetangulia, na hakuna ruhusa ya kumpita. Nilikuja kuambiwa tukiwa tumeshaanza kupanda mlima, nikiwa sina tena pumzi ya kubisha.

Utaratibu aliuleta yeye mwenyewe alipochaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha vijana cha mtaani kwetu. Mwaka uliopita walikwenda kwenye maporomoko ya maji hayohayo tuliyokuwa tunayaendea. Binti wa fundi cherehani, mwenye pumu, akachoka njiani. Wakamwambia, "Kaa hapa, tunarudi sasa hivi." Wakaenda, wakaogelea, wakashuka kwa njia nyingine, kila mmoja akidhani yule binti yuko na mwenzake. Walimkuta jua linazama, sauti imemkauka kwa kuita. Wazazi wakapiga marufuku safari. Mwenyekiti mpya akazunguka nyumba kwa nyumba kuwabembeleza, wakakubali kwa masharti mawili: waende na mtu mzima, na wasiachane hata kidogo. Moja likivunjwa, kikundi ndiyo basi. Mtu mzima nikapatikana mimi, kwa sababu karakana yangu ya kuchomelea mageti hufungwa Jumapili.

Sikumwambia kwamba goti langu la kulia limeharibika kwa kuchuchumaa juu ya vyuma. Nilijisemea, kilima ni kilima tu.

Njia ilikuwa nyembamba, mizizi imetokeza, udongo unateleza. Goti lilipoanza kuwaka moto, nikasimama kutazama maua.

"Baba, wewe na maua wapi na wapi?"

"Kwani yana mwenyewe?"

Mbele kidogo nikainama kufunga kamba za viatu. Mbele tena nikafunga zilezile. Nyuma yangu vijana walikuwa wamejipanga kama foleni ya bombani.

"Mzee, kuna konokono huku anaomba njia!" Huyo ni Ngongoti, kijana mrefu kama nguzo ya umeme. Ndiye aliyeongoza safari ile ya mwaka uliopita.

"Mwambie apange foleni kama wenzake," nikamjibu.

Tukaanza kuyasikia maporomoko, yakinguruma chinichini ng'ambo ya miti. Vijana wakapiga vigelegele. Hapohapo goti likagoma. Nikakaa juu ya jiwe.

"Nendeni," nikasema. "Nawasubiri hapa."

"Hapana," binti yangu akasema.

"Mimi ni baba yako. Nakwambia nenda."

"Nyumbani wewe ni baba. Huku wewe ni wa mbele."

"Mwenyekiti, acha ubishi," Ngongoti akadakia. "Mzee mwenyewe kasema. Dakika chache tu, tunaona, tunarudi."

"Tukigeuka, tunageuka wote."

Wakanung'unika. Wengine walishaanza kumkunjia uso. Uenyekiti wa binti yangu ulikuwa unaning'inia kwenye goti langu bovu, na mdomo wangu ndio uliokuwa unamharibia.

Binti wa fundi cherehani alikuwa nyuma yangu njia nzima. Sasa akasema, "Hata mimi niliambiwa hivyohivyo. Dakika chache."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeulizwa saa. Ngongoti akatazama viatu vyake, akavitazama tena. Kisha akaja mbele yangu, akachuchumaa, akanigeuzia mgongo.

"Panda, mzee."

"Nipande wapi? Mimi gunia?"

"Gunia lingekuwa limenyamaza."

"Uzito wangu unaujua?"

"Nitaujua sasa hivi."

"Baba," binti yangu akasema, "mgongoni au nyumbani. Chagua."

Nikapanda. Maisha yangu yote nimebeba mageti ya watu. Kubebwa sikuzoea, sikujua hata mikono niiweke wapi. Ngongoti aliyumba, akatweta, akaenda kwa mwendo wa kobe, wote wakamfuata nyuma bila kumpita. Alipochoka alinikabidhi kwa mwenzake, naye kwa mwenzake. Binti wa fundi cherehani akachukua begi langu.

Penye kona ya mwisho wakanitua.

"Hapa unatembea mwenyewe," mwenyekiti akasema. "Wa mbele ndiye anayeona kwanza."

Nikajikokota, nimeshika miti. Maji yalikuwa yanaanguka meupe kutoka juu kabisa, manyunyu yakanipiga usoni, shati likalowa. Njia palepale ilitosha mtu mmoja tu, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nikasimama. Nilisahau goti. Nyuma yangu hakuna aliyenisukuma wala kuchungulia pembeni. Nilisikia pumzi zao tu, zote.

"Mzee," Ngongoti akasema taratibu, bado anatweta. "Ukishiba, sogea kidogo huyu dada naye aone. Yeye ametusubiri tangu mwaka jana."