Mchezo wa Kumwoza Halimo

Mimi ni mtu wa Tabora, na Tabora hatufundishwi kunong'ona. Nilikwenda Isiolo kufundisha ushonaji misheni. Mwaka wa sabini na saba mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, nikabaki huko huko, nikaanzisha kikundi cha maigizo. Kiswahili changu walikicheka. "Mwalimu anaongea kama redio," walisema. Nikawaambia sawa, redio hii haizimwi, njooni mazoezini saa kumi.

Halimo alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na ndiye aliyekuwa mwigizaji wangu bora. Baba yake, Mzee Warfa mwenye malori, alikataa binti yake kukaa ukumbini na wavulana bila yeye kuwepo. Nikamwambia, basi ingia na wewe uigize. Akaingia! Nikampa nafasi ya baba.

Jamani, nilijua ninachofanya. Halimo alikuwa ameitwa chuo cha manesi Nairobi, na wakati huo huo tajiri mmoja wa Merti alikuwa ameleta posa. Warfa hakuwa amejibu huku wala kule, na Halimo alikuwa haoni usingizi. Kwa hiyo nilitunga mchezo wa baba anayemwoza binti bila kumuuliza, binti analia mpaka mwisho. Nilitaka Warfa amsikie binti yake akilia mbele ya mji mzima, aone haya.

Majina ya kubuni waliyasahau kila siku, nikachoka, nikawaacha watumie yao. Bwana harusi alikuwa Kulmiye, kijana wa duka la vitambaa. Kadhi alikuwa Lomorukai, mzee wa kanisa kule Chechelesi, kwa sababu ya sauti yake nzito. Kanzu ilimpendeza hata mke wake akamtania.

Tabu ilikuwa sehemu moja tu. Warfa alitakiwa kumshika Kulmiye mkono na kusema, "Nimekuoza binti yangu Halimo." Kila akifika hapo anakohoa, anatazama dari, anamumunya maneno kama mtu mwenye mahindi mdomoni.

"Mzee, toa sauti!" nilimfokea. "Watu wa nyuma wasikie!"

"Mwalimu, hii neno nitasema siku yenyewe."

Bisharo, aliyeigiza mama wa bibi harusi, akanivuta pembeni. "Mwalimu, wewe ni Mkristo, hujui. Kwetu nikahi haina mzaha. Baba akitamka, kijana akakubali, na mashahidi wapo, hiyo ni ndoa, hata kama mlikuwa mnacheka."

"Ndoa gani, na kadhi mwenyewe ni Lomorukai!"

"Kadhi si kitu. Baba ni baba wa kweli. Na mashahidi utakuwa umewajaza ukumbi mzima."

Loo! Nilimwendea Warfa nikamwambia nitampa Lomorukai nafasi ya baba. Akaja juu. "Lomorukai amwoze binti yangu? Haiwezekani! Mimi nitasimama hapo mwenyewe." Nikataka kufuta sehemu ile, akakataa pia. Sikulala vizuri wiki ile, lakini mchezo sikuuvunja. Nikishika kitu nimekishika.

Siku ikafika. Ukumbi ulifurika, na mstari wa mbele alikaa yule tajiri wa Merti na ndugu zake, wameletwa na sifa za Halimo. Mchezo ulikwenda vizuri mno. Kisha Warfa akamshika Kulmiye mkono. Nilikuwa nyuma ya pazia.

Hakukohoa. Aliuachia mkono wa Kulmiye.

"Hii neno silisemi," alisema, na safari hii watu wa nyuma walisikia. Akamgeukia binti yake. "Halimo. Mwalimu ameandika nikuoze bila kukuuliza. Mimi nauliza. Unataka kuolewa?"

Halimo alitakiwa alie. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya kilio kile mpaka majirani wakalalamika. Badala yake aliinua shela, akamtazama babake usoni.

"Hapana, Aabo. Nataka kwenda Nairobi kusoma unesi."

"Kulmiye, umesikia," Warfa alisema. "Nenda nyumbani." Kisha akatazama mstari wa mbele, pale pale, mbele ya watu wote. "Na wewe wa Merti, umesikia."

Tajiri alisimama, akakung'uta kikoi chake, akatoka, ndugu zake nyuma. Lomorukai aliyebaki na kitabu mkononi akasema kwa ile sauti yake, "Basi, tukanywe chai." Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Warfa akanijia nyuma ya pazia. "Mwalimu, nimeharibu mchezo?"

"Umeuharibu kabisa!" nilimwambia, na machozi yananitoka kwa furaha.

Wiki iliyofuata Halimo alikwenda Nairobi, na lori la babake ndilo lililompeleka. Mimi nilitaka turudie mchezo akija likizo, mara hii mpaka mwisho, kwa sababu kile kilio nilikitunga vizuri. Nilimwomba Warfa kila tulipokutana sokoni, na kila mara alitikisa kichwa.

"Hapana, mwalimu. Mimi nimeshajibiwa."